Mtunza Mikanda

Mvua ya Bogota hainyeshi,
inakaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga.
Langoni mwa bustani polisi wanapekua:
vua mkanda, tupa pale, bizimu ni silaha.
Siku tatu za muziki wa bure,
na kiingilio ni suruali isiyokaa kiunoni.

Mimi Hermencia, wa ng'ambo ya barabara,
nina meza, nina kamba ya kuanikia nguo,
nina mwavuli wa kampuni ya simu iliyokwisha kufilisika,
na namba nilizoandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Peso elfu moja kwa mkanda.
Wa kwanza alikuwa Duván, nywele mpaka mgongoni,
akavua kitu kizito kilichojaa misumari
akaniita mama,
akaingia ameshika kiuno kama mjamzito.

Jukwaa silioni. Kuna ukuta wa mabati.
Lakini besi inapita chini ya lami,
inapanda miguu ya kigoda changu,
inakuja kutulia kwenye meno yangu ya bandia.
Ijumaa nzima nilisikiliza kwa meno.
Bendi ya saa tisa ilikuwa na haraka.
Ya saa kumi na moja ilikuwa na huzuni, au njaa.
Usiku nilipoyaweka meno kwenye glasi
niliapa kwamba maji yanatikisika.

Jumamosi jua lilichungulia saa saba, likalipwa, likaondoka.
Yolima anauza makoti ya nailoni
na hakuna wimbo asioukatiza.
Anasema ndani wanacheza kwa mkono mmoja:
mmoja juu, mmoja kwenye suruali.
Anasema ukiwatazama kutoka nyuma
utadhani umati mzima unakula kiapo.

Usiku huo alikuja kijana, namba imemyeyukia mfukoni.
Mikanda myeusi ilikuwa thelathini, yote mapacha.
Akasema: wangu una tundu la ziada,
nililitoboa kwa msumari wa moto
mwaka ule baba alipokosa kazi.
Nikaipapasa mmoja mmoja chini ya taa ya barabarani.
Ulikuwepo. Tundu dogo, kingo zimeungua,
mbali sana na mengine.
Sikuuliza. Nilimrudishia elfu yake, akakataa,
alipogeuka nikaitia kwenye kofia ya koti lake.
Labda ameiona. Labda imelowa na kupotea.

Jumapili, bendi ya mwisho,
baridi iliwashinda hata polisi.
Wakaenda kunywa maji moto ya sukari guru,
lango likabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia.
Yolima akasema, nenda basi, Hermencia!
Niende vipi? Amana ni amana.
Nikaivaa. Kifuani msalaba, shingoni, mabegani,
mikanda arobaini na mmoja,
nikavuka barabara nikilialia chuma
kama farasi wa jeneza la waziri.

Wakanipisha.
Watoto wenye mafuvu vifuani, wenye kucha nyeusi,
wakanipisha, mmoja akainama kabisa,
sijui alidhani mimi ni nani.
Nikasimama katikati ya tope, miaka sitini na minne,
nikasikia kwa masikio
yale meno yaliyokwisha kuniambia.
Ngoma, ndiyo. Besi, ndiyo, naijua hiyo.
Lakini kumbe palikuwa na filimbi!
Siku tatu filimbi,
nyembamba, inapita juu ya vichwa,
na lami haikuniambia neno.

Walianza kuja papo hapo, gizani,
samahani mama, ule wa shaba ni wangu,
wakinivua mkanda baada ya mkanda,
nami nazunguka taratibu kuwarahisishia,
mpaka nikabaki na sweta.

Umebaki mmoja, namba kumi na nane.
Uko nyuma ya mlango wa jikoni.
Mwenyewe, popote alipo mjini humu,
bado ameshika suruali.