Doa la Mguso

Akron, Januari, saa tisa usiku. Bomba la joto linakohoa.
Nimeshusha kinundu cha mpira juu ya kioo,
laini kama ufizi wa kichanga,
na kwenye darubini doa jeusi likafunguka,
duara kamili.

Nikaongeza uzito, doa likanenepa.
Hilo nililitarajia.
Kisha nikakisogeza kioo kando, polepole,
upana wa unywele kwa dakika.

Mpira haukuteleza. Uling'ang'ania,
ukapinda shingo kukifuata kinachoondoka,
na doa likaanza kuliwa ukingoni,
nyuma kwanza, halafu ubavuni,
likawa yai, likawa punje ya kunde.
Uzito ni uleule. Sijapunguza hata gramu.

Mara mkunjo ukatambaa katikati kama kiwavi
na kioo kikalia: nyiii.

Verlene, anayepiga deki ghorofa hii,
aliyeunda matairi hadi kiwanda kilipofungwa,
akachungulia.
"Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Viganja vyangu vilijua."
Akavuta glavu ili anionyeshe.
Ikagoma kwenye kidole cha pete,
ikavutika, ikavutika,
ikatoka imepinduka, ndani nje,
na pete imo.