Kilo Saba

Mwalimu Aikaruwa alifundisha kwa Kiingereza
mpaka mkuu wa shule apite na fimbo yake ya mwanzi.
Kisha alifunga dirisha la upande wa migomba,
akasema, "Haya. Sasa tuelewane."

Akachukua stili waya, ile ile ya kusugulia masufuria,
akaipima mbele yetu, akaandika ubaoni,
akaiwasha.
Ikatembea cheche ndogo ndogo, ikawa nyeusi, imenyong'onyea,
nasi tuliozaliwa jikoni kwenye kuni
tukajua jibu: imepungua.
Akaipima tena.
Imeongezeka.

Anaeli wa dawati la nyuma akasema mwalimu kaweka kidole.
"Imekula hewa," mwalimu akasema.
"Na hewa ina uzito, msiidharau kwa kuwa haina rangi."
Tatu za chuma, mbili za oksijeni zilizo mapacha:
tatu huku, tatu kule; nne huku, nne kule.
Hesabu walioingia harusini, hesabu waliotoka,
hata kama wametoka wameshikana mikono.

Mimi nilikosea ya maji.
Oksijeni yangu moja ilibaki bila pa kukaa,
nami kwa haraka nikachomeka mbili ndogo chini ya O,
pande zikalingana, nikanyoosha mkono.
Alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani.
"Hayo si maji, Ndeshi.
Hiyo ni dawa ya saluni, ya kupaushia nywele.
Namba ya mbele ni idadi, ongeza upendavyo.
Ya chini ni kitu chenyewe.
Usimgeuze mtu awe mwingine
ili hesabu yako ipendeze."

Julai ile tulipima kahawa nyumbani
kwa mzani wa ndoano tulioazima kwa muuza mkaa:
mafungu mawili, jumla kilo sitini na moja.
Nikaandika nyuma ya daftari la kemia.
Kwenye ghala la chama karani akasoma hamsini na nne.
"Kahawa hukauka njiani, mzee,"
na kalamu ikaendelea na safari yake.
Baba akatia saini, herufi tatu, taratibu.

Kukauka! Nusu saa ya kutembea,
Uru nzima imejifunika ukungu,
matone yananing'inia kwenye ncha za majani,
gunia limelowa mgongoni mwa kaka.
Kama ni kubadilika, lilipaswa kunywa.
Nililala na zile saba.
Kitu hakiwezi kutokuwa popote.

Asubuhi nikajaza dumu bombani:
lita ishirini, kilo ishirini,
na moja ya plastiki yenyewe.
Nikajitwisha mpaka ghalani,
nikalitua mzanini bila hata salamu.
Kumi na nane na nusu.
Foleni ikanyamaza. Mama mmoja akacheka kwa pua.
Karani akasema mzani umezeeka,
akasema watoto wa siku hizi,
akasema dumu linavuja.
Nikaliinua. Sakafu ilikuwa kavu.

Msimu uliofuata ukaja mzani mpya kutoka Moshi mjini.
Kilo saba hazikuja nao.
Baba hakunisifu. Alininunulia daftari kubwa la jalada gumu
na tangu hapo, kila kitu kikitoka nyumbani,
hata mkungu mmoja, hata debe la maharage,
aliniita kwanza.

Zilikokwenda sijawahi kusema.
Ila nyumba ya karani, ile ya kona kabla ya daraja,
ilipata bati mwaka ule, liking'aa hadi barabarani,
nami kila nikipita nilihesabu migongo yake.

Nimepita juzi.
Kutu imeanzia kwenye misumari,
inashuka kama chai iliyomwagika.
Nikasimama kidogo, na mkoba wangu mkononi.
Linakula hewa, paa lile.
Linaongezeka uzito,
usiku na mchana,
juu ya vichwa vyao.