Glovu za Heino

Chini ya kiwanda cha maziwa, mjini Tartu,
ngazi kumi na nne na mlango wa chuma,
zilikuwapo seva arobaini na tatu zikinguruma
kama kikao ambacho kila mtu anasema
na hakuna aliyeleta hoja.

Nilizipima Januari nzima.
Ya mishahara: siku mbili kazini, ishirini na tisa inapiga miayo.
Ya barua: asilimia sita.
Ya jibini, yenye feni zake, diski zake,
waya wake wa umeme mnene kama kidole gumba:
asilimia nne.
Na nje theluji imefika kwenye vioo vya madirisha,
sisi ndani tunailipa mashine moja itoe joto
na nyingine iliondoe.

Heino hakuipenda hesabu yangu.
Alizinunua yeye, moja moja, miaka kumi na tisa,
kila idara ikija na machozi yake
na kuondoka na sanduku lake.
“Chombo kimoja, kazi moja,” alisema.
“Kikifa, unajua msiba ni wa nani.”

Nikamwambia mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mengi.
Tutaleta mashine sita, pana za kumbukumbu,
na ndani ya kila moja tutapangisha.
Kila mpangaji ataamini nyumba nzima ni yake:
ana mlango, ana anwani, ana jiko,
kikohozi cha jirani hakisikii.
Ajuaye ukweli ni msimamizi tu, asiyelala,
anayechukua kijiko cha huyu kumpa yule
na kukirudisha kabla mwenyewe hajageuka.

“Mashine pepe,” alirudia, akilitafuna neno.
“Pepe kama punje isiyo na kitu ndani?”
“Pepe kama barua,” nikasema.
“Karatasi haipo, na habari imefika.”

Tulizihamisha usiku, usiku kumi na mmoja,
tukila mkate mweusi juu ya maboksi.
Wiki iliyofuata ya mishahara ikahama tena,
kutoka nyumba ya tatu kwenda ya tano,
katikati ya kujumlisha,
kati ya jina la dereva Ülo na jina la mkewe.
Haikupepesa. Ülo alilipwa senti zake zote.

Ikabaki moja, kibandiko kimefutika.
Hakuna aliyeijua. Tukaizima
tusikie nani atapiga kelele.
Siku ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu, alfajiri, simu:
Leida wa lango la kaskazini, sauti imeganda,
malori tisa yamejipanga na mizani haisomi.
Kumbe miaka kumi na miwili
ilikuwa inapima maziwa ya wilaya nzima
bila asante, bila jina.
Tukaiwasha mbio, tukainakili, tukaiita Leida.

Bili ya umeme ilianguka hata nusu haikufika.
Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akaagiza keki.

Ilikuwa Jumatatu, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
Heino akashuka na glovu zake zimelowa.
Akasimama palipokuwa na namba kumi na saba.
Fremu tupu, skrubu nne sakafuni.
Majira yote ya baridi alizianika pale nyuma,
kwenye pumzi ya moto ya mashine ile mvivu,
na zilikauka kabla chai haijapoa.

Hilo sikulitia kwenye hesabu.

“Iko wapi sasa?” akauliza.
Nikamwonyesha kwenye skrini: mstari wa kijani,
unapanda kidogo, unashuka, unapanda.
“Ni hiyo. Haijui hata kama ilihama.”

Akazishika glovu kwa mkono mmoja, zikidondoka,
na kiganja cha pili akakiweka juu ya kioo
kama unavyopima homa ya mtoto.