Sindano

Kerezo langu lilifika Katuba kwa pusipusi, safari tatu:
kwanza kitanda chake, kilichovunja ekseli njiani,
kisha kichwa, kimefungwa blanketi kama mgonjwa,
mwisho ndoo ya gia, na moja kati yake kibogoyo.
Muuzaji, mzee Kisula, alisema, "Halina kasoro."
Fundi akikuambia hivyo, hesabu vidole vyake.
Alikuwa na vinane.

Lile pengo nililijaza kwa shaba njano,
nikalichonga kwa tupa, usiku kucha, mara mbili,
umeme ukiwa Ruashi
na sisi tukiwa na mshumaa.
Jino jipya linang'aa kuliko wenzake.
Kila likipita, kerezo husema *ka*,
nami naligusa pengo langu kwa ulimi,
maana langu hakuna wa kulikereza.

Kazi zinazokuja ni hizi: pini ya kinu cha mama Ngombe,
bushi ya Fuso, pedeli za baiskeli za makaa,
mguu wa kitanda cha maharusi (sikuuliza).
Analipa anayelipa. Mwingine huleta kapenta.

Basi Numbi, kitinda mimba wangu,
akaja na mchoro kwenye karatasi ya daftari:
bunduki ya upepo.
"Haina baruti, tata. Ni pumzi tu. Ya kupiga panya."
Panya wa chumba cha mahindi wanamjua mamake kwa jina.
Mwadi hakuinua macho kutoka kwenye bukari:
"Askari atauliza kama ni pumzi?
Maharage ya Kasapa hayana chumvi."

Nilikataa wiki nzima.
Siku ya nane nikajikuta nakipima kipande cha bomba
nilichokuwa nimekificha tangu zamani bila sababu.
Mkono wa fundi haumwombi ruhusa mwenye mkono.

Kitako tulikichonga kwa mukula,
unga wake mwekundu ukatupaka hadi nyusi;
majirani wakadhani tumepigana.
Mtutu mfupi, mbaya, mzito kama uongo.
Washa ya ngozi ilitoka kwenye kiatu changu cha kanisani, cha kushoto.
Tangu hapo nasali nyumbani.

Shida ilikuwa kuvuja.
Tulijaza mtungi, sindano ya geji ikapanda,
ikasita, ikaanza kushuka polepole
kama mtu anayetoka msibani hataki kuonekana.
Nikapaka povu la sabuni, nikainama, sikio kwenye vali.
Sss.

Mlio ule naujua.
Nililala nao chumba kimoja miaka minne,
baba akirudi kutoka kwenye tanuri za shaba,
pumzi ikiingia kwa deni na kutokea mwanya.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sabuni ilikuwapo,
ila hakuna aliyenionyesha pa kupaka.

"Tata, iko inatokea wapi?"
Nikamwonyesha: kiputo kidogo, kinavimba, kinasinyaa,
jicho la chura.
Tukafungua. Tukakata ngozi upya, kiatu cha kulia sasa
(kimoja kingefaa nini?).
Umeme ukakatika kabla ya kujaza,
tukajaza gizani kwa zamu, yeye mara kumi, mimi mara sita,
nikasingizia mgongo.

Hatukupiga panya. Hatukupiga hata mkebe.
Niliilaza juu ya meza, chini ya gunia, nikalala vibaya.

Alfajiri, kabla Mwadi hajawasha mbabula,
nilitoka pekupeku na tochi.
Kioo cha geji kilikuwa na umande.
Nikakifuta kwa kidole gumba.

Sindano ilikuwa pale pale.
Nikakaa mbele yake muda mrefu,
pumzi yangu nimeizuia.