Damu Kwenye Mate

Asubuhi mama alitema nyuma ya jiko
mate yenye uzi mwekundu,
akayafukia kwa kidole gumba cha mguu,
haraka, kama paka.
"Meno ya uzee haya."
Alikuwa na miaka arobaini na mbili.

Newala ile, maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni.
Ndoo moja: ya ugali, ya kunawa, ya mgonjwa.
Nani angedai ya kusukutua?

Mimi ndiye niliyesomea vinywa.
Miaka kumi na tisa, chumba cha mwisho,
baada ya stoo ya vyandarua,
nimekwangua ugaga wa makarani wa ghala la korosho,
wa katekista, wa wapuliza salfa wenye macho mekundu.
"Panua. Panua zaidi," nimeiambia wilaya nzima.
Kwake sikusema.
Nani humwamuru mamaye afungue kinywa?

Sasa ananiita Asumini,
jina la mdogo wake aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Anatia chumvi kwenye chai,
kisha anaitafuta chai.
Juzi nimemkuta na korosho mbichi, ganda na vyote,
keshaifikisha menoni,
yeye aliyenichapa fimbo kwa kosa hilohilo
kwamba mafuta ya ganda yatanibabua midomo.

Dokta Chitanda ni kijana, husema polepole.
Huko mbali, anasema, wamepasua bongo za marehemu
waliokufa wamesahau watoto wao,
na katika baadhi wakakuta nyayo za kijidudu
kile kile ninachokikwangua chini ya fizi.
"Kwa hiyo ndicho?"
"Sijasema hivyo. Huenda kiliingia nyumba imeshaanguka.
Huenda kilikuwa miongoni mwa walioibomoa.
Wengine wanadhani ule utando wenyewe ni boma:
ubongo ulijijengea ukuta kumzuia adui,
ukajenga, ukajenga,
ukajizika ndani.
Bado wanabishana, dada."

Huenda.
Nimerudi nalo nyumbani neno hilo kama kokoto kiatuni.
Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Nguo huvuliwa.
Hiki kinakula nawe sahani moja,
kinakusikia ukibembeleza mtoto, ukisali, ukimtaja jirani,
na hakina haraka.

Mwenzangu wa kazi, Nangumbi, ananiambia niache:
wapo vibogoyo wenye akili kama wembe,
wapo wenye meno ya maziwa ya nazi waliopotea njia ya chooni.
Kweli. Nawajua kwa majina.
Lakini usiku najihesabia ile miaka kumi na tisa,
Jumapili zote nilizokaa naye mkekani,
taa yangu ya kazini ikiwa mfukoni.

Amebakiwa na meno kumi na moja.
Kila usiku nampiga mswaki, laini, wa mtoto,
si dawa, najua si dawa.
Mara ananing'ata. Mara ananitazama kwa adabu
kama mgeni anayehudumiwa kupita kiasi.
"Mama yako yuko wapi, mwanangu,
unahangaika na watu usiku hivi?"
"Yupo," nasema. "Sukutua."

Jana mate yalitoka meupe.
Nikamulika beseni mara mbili.
Meupe.
Naye, pembeni yangu, akitazama ukuta,
mguu wake ukanyooka wenyewe,
kidole gumba kikatafuta mchanga
juu ya sakafu ya saruji,
kikafukia.