Mfupa Uliobaki Chennai

Nakuandikia wewe, kichwa cha paja langu la kulia,
uliyebaki kwenye beseni la chuma, ghorofa ya nne, Chennai.
Sikukuaga. Nilikuwa nusu kaputi.

Nilimwomba daktari Kavitha akufunge kwenye kitambaa
nije nikuzike Newala, nyuma ya jiko,
pale kilipo kitovu cha Mfaume.
Akamtazama mkalimani. Mkalimani akatazama viatu vyake.
Sheria, akasema. Mifupa huchomwa.
Basi kipande changu kimetangulia
bila sanda, bila Yasini,
bila hata mtu wa kuuliza: huyu ni wa ukoo gani?

Si kwamba ulikuwa mwema.
Miaka sita ulinitwanga kama mchi kwenye kinu kitupu.
Msimu wa korosho niliokota nimekaa,
nikijikokota kwa matako toka mkorosho hadi mkorosho,
watoto wa jirani wakaniita treni.
Ndanda walipiga picha, wakaiinua dirishani:
"Mama, shimo limelika."
Nikacheka. Sisi wa Newala tunalo Shimo la Mungu,
ukisimama ukingoni unaiona Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo.
Sikujua kuna jingine dogo
linabomoka chini ya kanga yangu.

Lakini nani alikumaliza kama si mimi?
Ndoo kichwani, mtoto mgongoni,
kupanda toka bondeni kabla mchanga haujaanza kuunguza,
miaka ishirini, mpaka bomba likaja,
likakohoa wiki mbili, likanyamaza,
nasi tukazichukua tena ndoo.
Uliyabeba yote. Sikukupa hata pole.

Bei ya kukuondoa:
magunia kumi na manne, stakabadhi tatu,
pikipiki ya Mfaume,
na bahasha ya kikoba iliyoandikwa MGUU WA ASUMINI,
kana kwamba naenda kuununua mnadani.
Kijana wa uhamiaji pale Mtwara aliuliza sababu ya safari.
Nikamwambia: nyonga.
Akaandika "matibabu".
Neno pana. Kila mtu anaenea humo, hata asiyeumwa.

Sasa ninacho kingine, chuma na kitu kama kauri.
Hakilii usiku. Niliporudi, uwanja wa ndege wa Dar,
mashine ya ukaguzi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupiga kelele kwa kuniona.
Natembea. Wallahi natembea,
mpaka sokoni na kurudi, fimbo nimeiegemeza mlangoni
inatafunwa na mchwa.

Ila wamenipa masharti.
Usichuchumae. Usikunje mguu. Usiketi chini.
Usiketi chini! Hivi wanawajua wanawake wa huku?
Juzi, msibani kwa Bi Nantule, wenzangu wote mkekani,
bega kwa bega, wanachambua mchele, wananong'ona, wanalia,
na mimi juu ya kiti chekundu cha plastiki
kama mgeni rasmi.
Somoe akanipakatisha ungo, nami nichambue.
Nikapepeta. Chuya na vumbi vikawashukia vichwani.
Mmoja akacheka, kisha wote,
msibani, midomo ndani ya kanga,
na mimi nikacheka huko huko juu, peke yangu.

Nasali kitini pia. Paji la uso haligusi mkeka.

Wanasema siku ile viungo vitatoa ushahidi,
mkono useme, mguu useme.
Hiki kipya kitasema nini? Kimenijua toka Machi.
Kinajua sokoni, kinajua kiti.
Itabidi wakutafute wewe, huko majivu yako yalikomwagwa,
wakukusanye, wakuulize:
mwanamke huyu alikuwa akienda wapi?

Usiwafiche. Sema bondeni.
Sema bondeni, na kupanda.