Cheti cha Asili

Kopo halidai kurudi.
Ndiyo maana nililipenda kuliko chupa.
Chupa ina ukwe mwingi: kreti yake, tupu kwa tupu,
na tupu nayo ina karatasi yake ya kuvukia.
Kopo linanywewa, linafinywa, basi,
na watoto wa Katuba wanalikatia magurudumu.

Katoni sitini, dada Chilufya.
Ulizihesabu nawe kule Chililabombwe,
nikakulipa kwacha
nilizozinunua asubuhi kwa dola
nilizozinunua jana kwa faranga.
Kabla kopo moja halijafunguliwa
bia ilikuwa imekwisha kuonjwa mara mbili
na wabadili pesa wenye viti vya plastiki.

Kasumbalesa: malori ya shaba yakitoka,
malori ya unga yakiingia,
mimi katikati na turubali langu la buluu.
Ofisa Kapend akachomoa kopo, akaligeuza
kama muuguzi anavyogeuza kichanga,
akasoma kitakoni.
Tarehe ya kuzaliwa ipo. Tarehe ya kufa ipo.
Kileo, asilimia tano, ipo.
Lugha?
Nikasema bia haisemi, inasemesha.
Hakutabasamu. Stempu ya ushuru?
Nikampa risiti. Risiti si stempu, mama.
Cheti cha asili?

Hapo nikacheka,
na kicheko kile kilinigharimu saa tatu.

Asili.
Bibi yangu Mlamba alizaliwa ng'ambo
kabla ng'ambo haijaambiwa kuwa ni ng'ambo.
Alikuja kuolewa huku na kibuyu cha munkoyo kichwani,
mizizi kaichimba ilikoota,
na munkoyo ukaendelea kuchacha njiani
bila kuuliza umefika nchi gani.
Hakuna aliyeugonga muhuri.
Makaratasi yamenizaa mimi:
kadi ya kura, pasi ya siku saba,
kitambulisho cha biashara ndogo
ambacho ukifika nacho na katoni sitini
unaambiwa leo umekuwa mfanyabiashara mkubwa.
Ukubwa huo mfukoni sikuuona.

Usiku redio ya lori ikatangaza:
bia ya kigeni marufuku, miezi sita,
kuilinda ya kwetu.
Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyeshiba.
Ya kwetu naijua. Baba wa wanangu
alisimama miaka kumi na minane kwenye mashine ya vizibo,
kidole chake kimoja kilibaki huko.
Kuichukia siwezi.
Kuiuza pia siwezi: bei yao ya jumla
ndiyo bei yangu ya mlangoni.

Ghala, dola mbili kwa siku.
Oktoba, bati juu, joto kama la tanuru,
makopo yakaanza kuota vitumbo.
Likelemba ilikuwa zamu ya Mama Mujing
na pesa zake zilikuwa mle ndani, zikivimba.

Vijana wa baiskeli walinijia.
Kuna kinjia nyuma ya makaburi, wakasema, usiku mmoja tu.
Sikwenda. Usinisifu.
Baiskeli moja hubeba katoni nne,
na mimi gizani nahesabu vibaya.

Katazo lilikufa kabla ya bia yangu.
Siku ya tisini na moja lango likafunguliwa,
na kila aliyekuwa akingoja akaingia pamoja nami.
Saa sita ilikuwa imejaa vibanda vya Kamalondo.
Jioni ilikuwa rahisi kuliko maji ya mfuko.

Nimeuza thelathini na nne, kwa hasara.
Ishirini na tano zenye vitumbo
walizipitishia tingatinga mbele ya macho yangu.
Povu lilipanda hadi kwenye viatu vya Kapend.
Nikasaini kwamba nimeona.

Imebaki moja, dada, chini ya kitanda.
Inakufa Ijumaa.
Njoo tuinywe. Beba na munkoyo kidogo.
Wakikuuliza mpakani unakwenda wapi,
sema msibani.